Mama Mkwe Kwenye Pua ya Boti

Nilipofika mjini Baraka kwenye msiba wa Mama Faida, nilimtambua Wilondja kwa mgongo wake. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya jiko, peke yake, ameupa mlango wa nyumba kisogo, ilhali wanaume wenzake walikuwa mbele chini ya turubai wakinywa chai na kubishana juu ya safari ya makaburini. Mtu asiyejua angedhani amegombana na wafiwa. Mimi nilijua kwamba anafanya kazi ileile aliyoifanya tangu alipomwoa Faida: kukaa mahali ambapo macho yake hayawezi kukutana na mama mkwe wake. Marehemu alikuwa amelazwa sebuleni, mlango uko wazi, na mkwe ni mkwe hata siku kama hiyo. Nilipita nyuma yake nikamsalimia.

"Ni we, Apolina?" akasema bila kugeuka. "Sauti yako haizeeke."

"Imezeeka. We ndiye umezoea kuisikia."

"Basi usiende mbali. Niko na neno ya kukutuma."

Nikacheka, katikati ya msiba, na bamama waliokuwa wakimenya mihogo wakanitazama vibaya. Lakini ningefanyaje? Nina wajukuu sasa, magoti yananiuma nikipanda ngazi, na huyu mwanaume bado anataka kunituma neno kama mwaka ule nilipokuwa msichana wa shule isiyofunguliwa. Nikavuta kigoda, nikakaa mahali pangu pa zamani, katikati ya mkwe na mama mkwe, nikasubiri awe tayari kusema.

Sitaeleza nilivyofika kuishi kwa Mama Faida. Mwaka ule wa vita kila nyumba ya Baraka ilikuwa na mtu asiye wake, na mimi nilikuwa wa nyumba yake. Alinipa chumba alichowekea magunia ya ndakala, dagaa wakavu wa ziwani, na harufu yao ikanikalia kwenye nywele, kwenye blauzi, kwenye daftari, hata wenzangu wa korali ya kanisa walinijua nimefika kabla sijaanza kuimba. Alikuwa mwanamke mkubwa, mkubwa kweli, wa kukaa kwenye benchi na benchi ikajua. Aliuza ndakala na mafuta ya mawese, na alicheka kwanza ndipo akakwambia kilichomchekesha. Jioni tulikula bugali na sombe ya majani ya mihogo, mara nyingi bila chumvi, kwa sababu chumvi ilitoka ng'ambo ya ziwa, Tanzania, na boti za ng'ambo zilikuwa zimekatika. Alikuwa akionja, anatikisa kichwa, anasema, "Chumvi amesafiri, tutakula bila yeye," kisha anakula kama kwamba chumvi amerudi. Nilimpenda upesi sana, na sioni haya kusema kwamba nilimpenda kuliko watu wengine niliopaswa kuwapenda zaidi.

Kazi yangu kubwa katika nyumba ile ilikuwa kupitisha maneno. Kwetu, mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawagusani, na wakiwa na jambo la kusemezana hulipitisha kwa mtu wa tatu. Wageni wanafikiri ni chuki, kumbe ni heshima, na tunaiita haya. Inaweza kuondolewa: mkwe analeta mbuzi, watu wanakula, na kuanzia siku hiyo wanaongea kama watu wengine. Lakini Wilondja alikuwa bado mgeni katika ndoa, na mbuzi wa pande zetu walikuwa wameliwa na watu wenye bunduki. Kwa hiyo alipokuja na samaki wake kutoka rasi ya Ubwari, alikoishi na Faida, alikaa nje ya ukuta wa matete, Mama Faida alikaa ndani, na mimi nilisimama kwenye mlango wa ukuta.

"Umuulize kama Faida anakula," Mama angesema, kwa sauti ya kusikika hadi sokoni.

"Mama anauliza kama Faida anakula."

"Umwambie anakula muzuri."

"Anasema anakula muzuri."

"Umwambie nasikia."

Ndivyo alivyofunga kila mazungumzo. Umwambie nasikia. Siku moja nilichoka, nikamwambia Mama kwamba wote wawili wanasikilizana vizuri kabisa, na mimi nina nguo za kufua. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mtoto akila bugali kwa kijiko. "Kusikia, ndiyo tunasikia," akasema. "Lakini neno inapashwa kupumzika kidogo njiani." Sikumwelewa, ila niliendelea na kazi.

Kiangazi kilipokolea Wilondja alikuja na mtumbwi mdogo, bila samaki. Nilimwona hata hakukaa. Alisimama nje ya matete akishika kasia. Faida, aliyekuwa na mimba ya kwanza, alikuwa amevimba miguu na uso, kichwa kinamuuma mchana kutwa, na bamama wa kule walipompapasa tumbo walisema mtoto amelala kwa ubavu. Mkunga pekee wa kuweza jambo hilo alikuwa huku kwetu, mjini Baraka. Wengine walikuwa wamevuka kwenda Tanzania. Yeye alibaki, na watu walimwombea makanisani na msikitini. Lakini Faida alikuwa upande wa nje wa Ubwari, ule unaotazama ziwa kubwa, na ili umlete Baraka ni lazima uzunguke ncha ya rasi, penye vijisiwa vya mawe ambapo mawimbi hayana mpango. Mama mjamzito wa kulala chali hawezi kupitishwa pale kwa mtumbwi wa kuvulia. Boti za mota hazikuwepo tena. Wanajeshi walikuwa wamechukua mota walizoziona, na zile zilizofukiwa mashambani hazikuwa na petroli. Na kwa miguu kupitia njia ya kusini, mwaka ule, usingempitisha hata mbwa wako.

"Umuulize kama mutoto bado anacheza," Mama akasema.

"Umwambie anacheza. Lakini kidogo."

Nikapitisha. Mama hakusema anasikia. Aliingia ndani, akatoka amejifunga kitenge chake cha maana, kile alicholetewa na akina Wilondja wakati wa mahari, cha kijani chenye ndege wa manjano, akaenda ufukweni kwa Amisi.

Amisi alikuwa na boti kubwa ya mbao iliyolala mchangani tangu mota yake ilipochukuliwa. Baba zake wote walikuwa watu wa boti, naye aliisikitikia ile kama mgonjwa wa nyumbani. "Unakodi nini, mama?" akamuuliza. "Haina mota, haina tanga. Iko naoza tu."

"Nakodi mbao. Tanga nitaleta mi mwenyewe."

Wakapatana kwa mawese. Amisi aliweka sharti kwamba boti yake haiendi popote bila yeye, na Mama akakubali. Kisha Amisi akasema jambo la pili, akitazama miguu yake: baharia wake alikuwa amekimbilia ng'ambo, na mtu pekee aliyebaki anayeyajua mawe ya ncha ya Ubwari alikuwa Wilondja. Watu waliokuwa ufukweni wakasogea karibu. Mama mkwe na mkwe, boti moja, safari ya nusu siku.

"Basi we ubaki, mama," Amisi akasema. "Tutakuletea mutoto yako."

"Mutoto yangu azae mara ya kwanza, mi nibaki naangalia mayi ya ziwa?"

Ndipo mipango ikaanza, na kila mtu akachangia. Wilondja atakaa nyuma kabisa, kwenye kasia la usukani. Mama atakaa mbele kabisa, kwenye pua, uso mbele. Tanga litakuwa katikati yao kama pazia, na chini ya tanga nitakaa mimi, sauti ya kwanza ya korali, nipitishe maneno. Tuliona ni mpango mzuri sana. Bamama waliusifu. Hakuna hata mmoja wetu, pamoja na Amisi aliyekaribia kuzaliwa ndani ya boti, aliyefikiria uzito wa Mama Faida. Tulikuwa tumepanga boti kama unavyopanga watu kwenye harusi.

Tanga tulilishona uani kwetu siku ileile, kwa turubai kuukuu la buluu na sindano ya nyavu. Nakumbuka siku ile kuliko sikukuu nyingi. Bamama wa Kikatoliki upande mmoja, dada zake Amisi na shungi zao upande wa pili, na mimi katikati nikipokea uzi. Walikuwa wakisema mambo ambayo hayasemwi mbele ya wasichana, juu ya kuzaa na juu ya wanaume, na nje ya matete Wilondja alikuwa akichonga mlingoti akijifanya kiziwi. Wakati mmoja Mama alisema kwa sauti, bila kumtaja mtu, kwamba kuna wanaume wangemwacha mke kule na kuja kuomba sala tu. Sauti ya kuchonga ikasimama kidogo, kisha ikaendelea. Sikuambiwa nipitishe neno hilo.

Kwenda hakukuwa na shida. Tuliondoka alfajiri, ziwa limelala, Amisi na Wilondja wakapiga makasia, na Mama kwenye pua alikuwa kama malkia, anapungia watu wa nchi kavu. Tulifika mchana. Faida alitutazama mlangoni, uso umevimba mpaka macho yamekuwa madogo, akamwona mama yake anashuka mbele na mume wake anashuka nyuma, akaelewa yote. Alicheka mpaka akashika tumbo. "Mulikuya hivi?" akasema. "Kweli, mulikuya hivi?" Jioni tulikula ndani samaki wa kuchoma, wale tunaowaita mikeke, Wilondja akala peke yake nyuma ya nyumba, na nilisikia Faida akimwambia mama yake kwa sauti ndogo kwamba anaogopa. Mama hakumwambia usiogope. Alimwambia, "Na mi naogopa. Tutaogopa wawili." Nadhani hapo ndipo nilipoanza kujua jinsi mtu mzima anavyopenda.

Kulipopambazuka upepo wa kusini ulikuwa umeamka kabla yetu, na uchungu wa Faida pia. Hapakuwa na kusubiri. Tulimlaza kwenye godoro tumboni mwa boti, tukakaa kama tulivyokuja, na Amisi akainua tanga. Upepo ulikuwa nyuma yetu, na nilifikiri hiyo ni bahati njema, kwa kuwa mimi ni mtu wa nchi kavu. Kumbe upepo wa nyuma unaleta mawimbi ya nyuma. Kila wimbi liliinua mkia wa boti na kusukuma pua chini, na kwenye pua tulikuwa tumemweka Mama Faida. Wimbi la kwanza lilimfika magotini, la tatu kifuani. Yeye alidhani ndivyo mambo yanavyokuwa, akakaa tu na heshima yake, uso mbele. Kasia la Wilondja lilikuwa likitoka nje ya maji, na boti inageuka inakotaka, kuelekea mawe.

"Apolina!" akaita. "Umwambie mama arudi nyuma. Pua iko nakunywa mayi."

Nikafungua kinywa changu cha korali, nikatapika. Nikafungua tena, nikatapika tena. Amisi alikuwa ameinama akichota maji kwa ndoo na kuilaani boti na waliomshauri, na maneno yake yote upepo uliyabeba. Faida alikuwa ameuma upande wa godoro. Hapakuwa na mtu wa tatu.

Kisha nikasikia sauti ya Wilondja ikipita juu yangu moja kwa moja.

"Mama. Kuya huku nyuma."

Mgongo wa Mama ukakakamaa. Hakugeuka. Kwa kitambo nilidhani atachagua kuzama, na ninavyomjua, alilifikiria. Halafu akaanza kuja, kwa magoti na mikono, akapita chini ya tanga, akanipita mimi, akamwekea Faida mkono tumboni, akafika nyuma. Wilondja alijisogeza ubavuni akiangalia mbele tu. Nyuma yake palikuwa na kipande cha ubao. Mama akakikalia, akamgeuzia mgongo, uso kwenye mawimbi, na kwa kuwa nafasi haikutosha, migongo yao ikagusana. Pua ya boti ikainuka palepale. Hata mimi, katikati ya matapishi yangu, niliona boti imepumua.

"Moja kubwa inakuya," Mama akasema, baada ya muda. "Mukono ya kushoto."

Wilondja akavuta kasia. Wimbi likapita chini yetu badala ya kupita juu yetu.

"Ingine. Nyuma kabisa."

Mtu wa usukani, upepo ukiwa nyuma, hugeuka kila mara kuangalia kinachomjia. Wilondja alikuwa na macho ya mama mkwe wake, naye akaangalia mawe. Tuliendelea hivyo mpaka tulipovikaribia vijisiwa, na hapo ndipo pembe ya turubai ilipochanika, pale kamba ilipofungwa, na tanga likaanza kujipiga. Amisi aliirukia ile pembe, akaikusanya mikononi, akapiga kelele apewe kitu cha kuifungia. Kamba pekee ilikuwa imeondoka na kipande chake. Nikaona kitenge cha kijani chenye ndege wa manjano kinapita juu ya bega la Wilondja.

"Kamata," Mama akasema.

Wilondja alikiona. Alijua ni kitenge gani, kimetoka wapi, na kwamba nyuma yake sasa mama mkwe wake amebaki na blauzi na jipo, sketi ya ndani, iliyolowa. Akakipokea bila kugeuza hata sikio, akakirusha kwa Amisi, na Amisi akaifunga pembe, naye akarudi kwenye ndoo yake akiwa ameinamisha macho kama mtu aliyelelewa. Tukapita kati ya mawe na ncha ya rasi. Maji pale yalikuwa yakija kutoka pande zote, na nyuma ya mgongo wa Wilondja sauti ya Mama ilikuwa ikisema kushoto, kulia, ngoja, sasa. Faida, kati ya uchungu mmoja na mwingine, alikuwa akiwatazama wote wawili, na naapa alikuwa akitabasamu.

Tulipoingia kwenye ghuba maji yakatulia, na nikapata sauti yangu.

"Apolina," Mama akasema, "umwambie ameendesha muzuri."

"Mama anasema umeendesha muzuri."

"Umwambie aksanti."

"Anasema aksanti."

"Umwambie nasikia."

Hivyo ndivyo tulivyofika Baraka, tanga limeshikwa na kitenge, mkwe uso mbele na mama mkwe uso nyuma. Bamama waliingia majini na nguo zao wakamfunika Mama kabla boti haijagusa mchanga. Faida alibebwa hadi kwa mkunga, naye akamgeuza mtoto kwa mikono yake miwili, akizungumza naye kama anayemwomba apishe njia. Jua halijazama tukasikia kilio. Ni msichana, na alipewa jina la bibi yake. Sasa ni mwalimu, mkubwa kama bibi yake, na ndiye aliyenipigia simu ya msiba.

Mwaka ule haujaisha Wilondja alileta mbuzi. Sijui alimpata wapi. Watu walitoka nje kumwangalia kama mgeni wa serikali. Alimfunga nje ya matete, akanituma niseme kwamba sasa haya iondoke. Mama alimsikiliza mbuzi akilia.

"Umwambie arudi naye," akasema. "Amupelekee Faida."

Nilimfuata jikoni nikamuuliza kwa nini. Alikuwa akitwanga sombe na hakusimamisha mchi. "Nikikula ile mbuzi, ataniangalia ku uso," akasema. "Na mi kila siku nitajiuliza kama siku ile aliangalia. Afazali tubaki hivi."

"Hakuangalia, Mama. Nilikuwa pale."

"We ulikuwa natapika."

Basi wakabaki hivyo. Mimi niliondoka Baraka, nikaolewa Uvira, na kazi yangu ikachukuliwa na mjukuu wake, kisha na wadogo wa mjukuu, vita vikaisha na kurudi na kuisha tena, na wale wawili wakaendelea kutumiana maneno juu ya ukuta ambao baadaye ulikuwa wa matofali. Nilikuwa nikiwahurumia. Nikafikiri wamepoteza muda mwingi. Leo sioni hivyo. Najua ndoa na ndugu wengi waliotazamana usoni kila siku na hawakuwahi kutunziana kitu chochote kwa uangalifu ule.

Wanaume walipoanza kusimama kwa ajili ya kwenda makaburini, Wilondja alisafisha koo. Bado alikuwa ameutazama ukuta wa jiko.

"Apolina. Umwambie mama, siku ile ku boti, sikuangalia."

Nikainuka. Magoti yakaniuma. Niliingia sebuleni, bamama wakanipisha, na nikaona walichomfunika miguuni: kitenge cha kijani, kimepauka, ndege hawaonekani tena vizuri, na kwenye pembe moja mikunjo ya fundo ambayo hakuna pasi iliyoiweza. Nikainama kwenye sikio lake nikamwambia, neno kwa neno, kama alivyonifundisha. Nikakaa pale kidogo, maana neno linapaswa kupumzika.

Nilipotoka Wilondja hakuwa amesogea.

"Anasema anasikia," nikamwambia.